Paja la Shangazi Yako na Bao la Dakika ya Tano

Mwanangu Nakijwa,

Kosa linalofanywa na watu wengi, na hasa wale wanaompenda mchezaji, ni kudhani kwamba maumivu yakiisha basi mtu amepona. Nimelifanya kosa hilo nikiwa mwalimu mwenye cheti, filimbi shingoni na daftari mkononi. Na jana asubuhi nilikaribia kulifanya tena, pale ulipopanda kutoka shambani na mkungu wa ndizi kichwani, ukautua mlangoni, ukaniambia, "Baba, umeona? Paja limepona. Jumamosi nacheza."

Nikacheka, nikasema, "Nimeona, mama."

Mama yako alikuwa anachambua maharage ya makande. Aliniangalia tu. Wewe ni kitinda mimba wetu, umeishi nasi miaka ishirini, jicho lile unalijua.

Leo umeteremka Same kukata tiketi ya kwenda kambi ya timu, nami nimekaa barazani na peni yangu. Sitaandika habari za chandarua, wala sabuni, wala namna ya kulikumbatia begi ukifika stendi Dar. Hayo mama yako ameshayasema, akayarudia, na kama ninavyomjua, atayasema tena kesho basi likiwa limeshawasha injini. Mimi nina jambo moja tu, ila ni refu kidogo, kwa sababu linaanza kabla hujazaliwa. Keti kwanza. Chai ipo kwenye chupa, ina tangawizi ya kutosha.

Unajua nilikuwa nafundisha hesabu, lakini sidhani kama nimewahi kukueleza mpira wa magongo ulitufikiaje huku milimani. Ulitukuta tu. Mwalimu aliyekuwapo kabla yangu alihama, akaacha stoo magongo saba na mpira mmoja mweupe, mgumu kama jiwe. Magongo saba hayatoshi timu ya watu kumi na mmoja, kwa hiyo mengine tulichonga wenyewe kwa matawi ya mpera, tukichagua yale yaliyojikunja vizuri mwishoni. Uwanja wetu ulikuwa umeinama. Mpira ukitoka upande wa bondeni ulisafiri mpaka kwenye migomba ya jirani, na sheria yetu ilikuwa moja: aliyeupiga ndiye anayeufuata. Wale wasichana walijifunza mapema sana kupiga mpira kwa adabu.

Miongoni mwao alikuwamo mdogo wangu Namsifu, shangazi yako. Wewe unamjua kama yule mama wa Ngujini anayecheka mpaka anajishika mbavu, na ambaye kila akija hapa hukagua jiko kabla ya kukagua watu. Siku zile alikuwa kidato cha tatu, na alikuwa mfungaji. Sisemi alikuwa anapiga kwa nguvu, walikuwapo wenye nguvu kumzidi. Lakini wewe unaujua mchezo wako: bao halihesabiwi mpaka mpira upigwe ukiwa ndani ya duara, pale mbele ya goli. Kwa hiyo mfungaji hasa ni yule anayewahi kufika. Namsifu alikuwa anafika. Beki aligeuka kumtafuta, akamkuta ameshainama karibu na mlingoti, gongo liko chini, anasubiri. Hatua zake tatu za kwanza hakuna aliyekuwa nazo.

Ikabaki kama wiki tatu tucheze na timu ya Lembeni. Mazoezini alijinyoosha kuuwahi mpira, akasimama ghafla, akashika nyuma ya paja. Mguu wa kulia, kama wako. Mganga wa zahanati alimbonyeza hapa na pale, akamwambia apumzike mpaka siku atakapoweza kukimbia bila kulifikiria hilo paja. Naomba uyakumbuke maneno hayo. Mimi niliyasikia, nikayaona ni maneno ya mtu asiyejua kwamba tunacheza na Lembeni.

Katika wiki ya mwisho likalia baragumu la msaragambo, kuita watu kwenye kazi ya kijiji. Ndiva yetu, lile bwawa la kumwagilia mashamba, ilikuwa imejaa tope, na zamu ya kuisafisha ilikuwa ya upande wetu wa mlima. Unajua hali inavyokuwa baragumu likilia. Nyumba isiyotoa mtu haipigwi wala haitukanwi, ila Jumapili baada ya ibada watu wanaiuliza kwa upole kama kuna mgonjwa, na upole ule unaweza kukufukuza kijijini. Namsifu alilifunga paja kwa kitambaa chini ya kanga, akaenda. Nami nilikuwako, nikiwa ndani ya ndiva na jembe. Nikainua macho, nikamwona anapanda ukingo na karai la tope kichwani, shingo imenyooka, wala hachechemei.

Mwanangu, nilifurahi kama nimeokota kitu.

"Namsifu!" nikamwita. "Paja vipi?"

"Halisemi kitu, mwalimu." Mbele ya watu aliniita mwalimu, kaka ilikuwa ya nyumbani.

"Na Jumamosi?"

Akamwaga tope lake, akanigeukia. "Kwani nani mwingine atafunga? Wewe?"

Ndiva nzima ikacheka. Jioni ile nikaandika jina lake juu kabisa kwenye orodha.

Nilihitaji miaka mingi kuelewa nilichokiona siku ile. Karai la tope hubebwa kwa hatua fupi, na kila hatua unajua inakwenda kukanyaga wapi. Mfungaji wa magongo anakimbia akiwa amekunjika nusu, anasimama ghafla, anageuka, kisha anautupa mguu mbele kufuata mpira ambao hata hajui utapita wapi. Ule msuli wa nyuma ya paja ndio breki yake. Gari lisilo na breki linaweza kupanda mlima na mzigo siku nzima, shida yake inaonekana siku ya kushuka. Mimi niliona gari linapanda, nikasaini kwamba breki ni nzima. Tena nilikosea hata sababu ya yeye kuja. Niliona mtu aliyekuja kwa kuwa amepona, kumbe amekuja kwa ajili ya baragumu, ili nyumba yetu isiulizwe kwa upole.

Jumamosi tukapanda lori mpaka Lembeni. Joto la kule chini unalijua, na uwanja wao ulikuwa mgumu, kila ukipiga mpira unapiga na vumbi. Dakika ya tano mpira ukamgonga beki wao mguuni, ukadondoka mbele ya gongo la Namsifu, naye akausukuma tu. Bao! Nilirusha daftari juu. Mama mmoja wa kwetu akavua kitambaa cha kichwa, akazunguka nacho nyuma ya goli. Kipa wetu, aliyekuwa upande wa pili kabisa, akaja mbio kushangilia, na ilibidi nimpigie filimbi arudi golini kwake.

Bao lile lilitudanganya wote. Hakukimbia kulipata, mpira ulimfuata. Lakini nani anaangalia hayo bao likishaingia? Baada ya hapo Namsifu hakuanguka wala hakuchechemea. Alikuwa anachelewa, hatua moja tu. Beki alipogeuka kumtafuta, akamkuta bado anakuja. Lembeni wakarudisha, wakaongeza la pili, tukarudi milimani tukiimba kwa sauti ya chini kidogo kuliko tulivyoteremka.

Muhula wote uliobaki alifunga bao moja tu tena. Na watu hawakosi maelezo. Wengine walisema ana mchumba. Wengine walisema Lembeni kuna mtu alimtazama vibaya. Mimi msomi sikuyakubali hayo, nikawa na langu ambalo lilikuwa baya kuliko yote. Nilimwambia mbele ya timu nzima, "Namsifu, umelewa sifa."

Aliweka gongo begani, tukarudi nyumbani kwa njia moja, yeye mbele mimi nyuma, bila neno, mwendo wa karibu saa nzima. Katika mambo yangu yote ya ualimu, ile njia ndiyo ninayoikumbuka zaidi.

Bibi yako ndiye aliyetuokoa. Aliona binti anaingia kimya, akaona na uso wangu, akalichukua lile gongo mkononi mwa Namsifu. Akaligeuza geuza, akautazama ule mkunjo wa mwishoni, akasema, "Tangu leo gongo hili ni la maparachichi." Na kweli, mwanangu, sijaona kifaa kinachovuta tawi la mparachichi vizuri kama gongo la mpira. Msimu mzima wa maparachichi shangazi yako hakugusa mpira.

Nikaenda kulalamika. "Mama, unamuua mchezaji wangu."

"Wako?" akasema. "Nilidhani ni wangu. Sogea, unanizibia mwanga."

"Lakini mama, hajambo! Anatembea vizuri, anabeba kuni."

"Wewe na hesabu zako. Umeikuta ndiva ina maji ya magotini, unataka kung'oa kizibo. Haya, ng'oa. Shamba la tatu watamwagilia nini?"

Nikasogea, kwa sababu nimekulia kwenye mifereji ile. Ndiva ikifunguliwa kabla haijajaa, maji yanatoka na kelele nyingi, shamba la kwanza linafurika, na mtu wa shamba la tatu anabaki kutazama udongo uliolowa. Dakika ya tano, ndiyo lile shamba la kwanza, nilikuwa nimeiona. Ya thelathini na ya hamsini nilikuwa simtafutii tena maji, namtafutia makosa.

Hakumlaza kitandani, maana kupumzika kwa bibi yako hakukuwa kulala. Kwanza alimtuma karibu, kwa mwendo wa kawaida. Baadaye akamtuma mbali, kwenye mwinuko. Kisha siku moja akamwambia, "Kimbia umwahi yule mama anayekwenda sokoni, nimesahau kumwagiza chumvi," na chumvi ilikuwapo, niliiona. Maparachichi yalipokwisha akarudisha gongo bila maelezo.

Mechi ya kwanza Namsifu alipiga hewa. Mara mbili! Mpira ulipita chini ya gongo, yeye akazunguka kama anacheza ngoma, watu wakacheka, naye akacheka. Miguu ilikuwa tayari, mikono ndiyo ilikuwa imesahau. Peni yangu ilikuwa imeshatoka mfukoni kuandika kwamba huyu amekwisha. Lakini bibi yako alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya uwanja, ananiangalia mimi, haangalii mchezo. Nikairudisha peni. Nikawa namwingiza kipindi cha pili tu, tena mwishoni, kila mechi nikimwongezea kidogo. Mechi ya nne au ya tano beki mmoja akageuka kumtafuta, akamkuta ameshainama karibu na mlingoti.

Sasa nikueleze kuhusu daftari, na unisamehe, mwalimu akistaafu haachi kufundisha. Nilipokuwa nasafisha sanduku langu la zamani nililikuta lile daftari, likiwa na mchoro wa duara kwa kila mechi. Siku zile nilikuwa na tabia ya kuweka nukta mahali ambapo kila shuti lilipigwa, kwa kupenda tu kuhesabu, na sikuwahi kuzisoma zile nukta. Nilikuwa nasoma mabao. Safari hii nikavaa miwani, nikazisoma. Kabla ya kuumia, nukta za Namsifu zilikuwa zimejazana karibu na goli kama kuku kwenye mahindi. Baada ya Lembeni hazikupungua sana, ila zilikuwa zimerudi nyuma, zimetawanyika kwenye ukingo wa duara. Hakuwa ameacha kupiga. Alikuwa anapiga kutoka mbali, kwa sababu mguu haukumfikisha karibu, na kutoka mbali kipa anaona. Kipaji kilikuwa palepale, umbali ndio uliobadilika.

Nikaona na jambo jingine lililonishangaza zaidi. Hata kabla hajaumia, mechi alizocheza baada ya siku kadhaa za mapumziko nukta zake zilikuwa karibu. Zile nilizombana, mechi juu ya mechi kwa kuwa ni nyota na watu wamekuja kumwona, nukta zilianza kurudi nyuma polepole. Wala hakuwa na jeraha, alikuwa amechoka tu. Huenda na paja lenyewe lilichanika kwa sababu hiyo. Sisemi kwamba hii ni kanuni ya dunia, daftari moja la msichana mmoja kwenye uwanja ulioinama halitoshi kutunga kanuni. Lakini lilitosha kunipandisha gari mpaka Ngujini.

Shangazi yako alivaa miwani, akafungua kurasa moja moja. "Kaka, umezunguka milima yote hii kuniletea vidoti?"

"Nimekuja kuomba samahani. Nilisema umelewa sifa."

"Lo! Hiyo samahani imechelewa kuliko gari la kupanda huku wakati wa masika." Akacheka, akajishika mbavu. Halafu akaweka kidole kwenye nukta moja ya ukingoni, akakiacha pale.

"Lilikuwa linauma?" nikamuuliza.

"Halikuuma. Nilikuwa nalisikiliza. Kila nikitaka kuondoka nalisikiliza kwanza, kama litasema kitu. Huwezi kufunga huku unasikiliza paja, kaka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenipanga?"

"Nisingekupanga."

"Basi umejijibu," akasema, akainuka kwenda kunikaangia ndizi.

Nakijwa, najua kwa nini hujamwambia kocha wako mpya wa Dar. Amekuita kwa sababu unafunga. Hajakuona zaidi ya mara moja, na kambini kuna wasichana wengine wanaoitaka nafasi hiyohiyo. Ukisema Jumamosi huchezi, huenda akampanga mwingine, na huyo mwingine huenda akafunga. Siwezi kukuahidi kwamba nafasi itakusubiri. Ningependa sana kukuahidi, lakini nikifanya hivyo nitakuwa nakudanganya, na barua hii nimeianza kwa nia nyingine.

Ninachoweza kukwambia ni kinachonitisha zaidi. Sihofu kwamba Jumamosi utacheza vibaya. Nahofu utafunga dakika ya tano. Ukifunga, kocha atakupanga tena, na tena, na wewe utakuwa unachelewa hatua moja. Sisi huku tumewahi kukuona unafika. Wale hawajawahi. Mimi nilikuwa namjua Namsifu tangu anatambaa, bado nikasema amelewa sifa. Mgeni atasema tu kwamba mwendo wako ndio huo, na atakuwa na haki, maana ndio pekee aliouona.

Na kabla hujasema, "Lakini baba, mimi nimepona kweli," acha nirudi kwenye ndizi za jana. Ulipoutua ule mkungu, yule jogoo mwekundu akaja kwenye ungo wa mama yako, akadonoa maharage. Ukageuka kumfukuza. Ukapiga hatua mbili, ukasimama, ukapiga makofi.

Tangu una miaka minne hujawahi kumpigia jogoo makofi. Wewe ni mtu wa kuwakimbiza mpaka kwenye kahawa za jirani, tumeshalalamikiwa na kuomba radhi kwa ajili hiyo. Jana ulisimama, ukalisikiliza paja, ukaamua makofi yanatosha. Mimi nilikuwa nacheka, sikuona. Mama yako aliona, na ndilo lile jicho.

Yule dada wa mazoezi ya viungo aliyekuhudumia alisema bado wiki mbili, na akakueleza utakavyojipima: ukimbie kwa kasi yako yote, usimame, ugeuke kulia na kushoto, bila kulikumbuka. Ndiyo maneno ya mganga wetu wa zamani, kwa lugha ya kisasa. Nenda kesho, usiache kwenda. Kaa kambini, jifunze majina yao, tazama mechi na peni mkononi, weka nukta. Utamjua kila beki anageukia upande gani kabla hujacheza naye hata dakika moja.

Nimekwambia nilivyokosea nikiwa nadhani nakusaidia kwa kucheka na kusema nimeona. Sasa nimeona kweli, na ninakupenda na paja lako lote, bovu na zima. Sitasimama karibu ukiongea na kocha, nitakuwa kwa mbuzi, na mama yako ameahidi kwamba hatasikiliza mlangoni, ingawa kwa hilo sitamdhamini. Simu yako umeiacha kwenye chaji, imejaa.

Mpigie kocha leo, kabla hujafunga begi, umwambie: paja langu la kulia bado, nahitaji wiki mbili.